Herufi si Zipo?

Kila ninapokwenda harusini au matangani na mtu mzima akaniuliza siku hizi nafanya kazi gani, jibu langu huzaa swali lile lile. Nikisema kwamba natengeneza herufi za simu na kompyuta, muulizaji hunitazama kidogo kama aliyedhani hakusikia vizuri, kisha husema: "Herufi si zipo, mwanangu? Nani kakutuma utengeneze nyengine?" Zamani swali hili lilikuwa likinikera. Siku hizi nacheka, kwa sababu swali lenyewe ni zuri, na kwa sababu miaka miwili iliyopita nilipata jawabu lililo bora kuliko maelezo yangu yote, nalo lilinijia mlangoni usiku, likiwa mkononi mwa jirani yangu wa Kikwajuni, mwanamke mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi.

Bibi alikuwa gizani tangu magharibi. Mjukuu wake aliyeko Bara alimnunulia umeme na kumtumia tokeni, tarakimu 20 za kuingiza katika mita ya TUKUZA, naye alikuwa ameziingiza mara tatu na mara zote tatu mita ikazikataa. Simu yake ni kiswaswadu cha vitufe ambacho kioo chake kimechakaa kwa kukaa mfuko mmoja na funguo, na tarakimu zote 20 zilikuwa zimejipanga mfululizo bila ya nafasi hata moja. "Nisomee wewe mwenye macho," akaniambia. Niliisogeza simu kwenye mwanga wa tochi, nikazisoma moja moja, na nilipofika ya 11 nikasita. Ilikuwa 3 au 8? Nikaiinamisha simu kushoto, nikaiinamisha kulia, hata nikaona kwamba ubavu wa kushoto wa tarakimu ile ulikuwa na uwazi mwembamba kama tundu la sindano. Ilikuwa 3. Ya 16 nayo vivyo hivyo. Taa zilipowaka Bibi alinishika mkono akasema kumbe mimi ni fundi umeme, nami sikumbishia.

Katika skrini za namna ile kila tarakimu hupewa chumba cha pikseli, yaani vijidoti vya skrini, 5 kwa upana na 7 kwa urefu, na ukizichora 3 na 8 humo kwa mtindo uliozoeleka, utaona kwamba zinatofautiana kwa pikseli tatu tu, zote za ubavu wa kushoto. Pikseli tatu ndizo zilizomweka mtu mzima gizani. Huenda aliyezichora alikuwa amekaa mbele ya skrini kubwa, katika chumba chenye mwanga mzuri, na macho yake yakiwa bado ya kijana. Tangu usiku ule, mtu akiniuliza kama herufi hazipo, humjibu kwamba zipo, lakini nami humwuliza huwa anazisomea wapi na saa ngapi.

Nimezaliwa Chake Chake, na mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii hakupata kugusa kompyuta maisha yake yote. Ami yangu alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka na mikahawa, milango ya magari ya abiria, na majina ya vyombo vya baharini kule Wesha. Vifaa vyake vilikuwa brashi chache, makopo ya rangi, na uzi uliopakwa chaki ambao sisi watoto tuliushika ncha huku na huku ili yeye auvute na kuuachia, nao upige ukutani na kuacha mstari mweupe ulionyooka. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi niliona kosa katika kazi yake, na kwa utoto wangu nikafurahi kulitaja.

"Ami, hiyo O imepita mstari."

"Imepita kwa amri yangu," akajibu bila ya kugeuka. "Ukiikomesha pale pale penye mstari itaonekana imekonda. Mviringo uzidishie kidogo, mwanangu, ndipo utakapolingana na wenziwe."

Miaka mingi baadaye, nilipofungua kwa mara ya kwanza faili la fonti, yaani seti nzima ya herufi za kompyuta, iliyotengenezwa na mabingwa wa Ulaya na kuipima O yao, nilikuta imeshuka chini ya mstari kwa vizio 12 na kupanda juu kwa vizio 12, katika mraba ambao kila ubavu wake umegawiwa vizio 1,000. Nilicheka peke yangu. Mabingwa hao na ami yangu hawakupata kuonana, lakini ncha ya mviringo hugusa mstari mahali padogo mno, na jicho la mtu yeyote, wa Chake au wa Amsterdam, huihesabu kuwa haikufika.

Nafasi baina ya herufi na herufi hakuipima kwa rula hata siku moja. Alipoandika DUKA LA VYAKULA aliiacha V ijitanue, akaisogeza Y karibu yake, kisha akaisukuma A iingie chini ya kwapa la Y kama mtoto anayetafuta kivuli, na baada ya hapo akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja na kutazama. Kama palikuwa na pengo, alilifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuanza tena. Mimi nilidhani kwamba kazi yake ni kuchora herufi. Kumbe nusu ya kazi ilikuwa kuugawa weupe wa ukuta.

Tena alikuwa na hila moja ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kuta za chokaa ni za mawemawe, na rangi ikiingia katika pembe za ndani za herufi kama N na M hujikusanya na kuvimba, hata herufi ikaonekana ina uvimbe wa jipu. Kwa hiyo ami aliziacha pembe hizo wazi kidogo, akazichonga kwa ndani kwa ncha ya brashi, na rangi ilipotiririka ilijaza ile nafasi na pembe ikatoka kali. Mwaka 1978 mchoraji Mwingereza Matthew Carter alitoa fonti iitwayo Bell Centennial, iliyotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya nambari za simu vya kampuni ya AT&T ya Marekani, na ndani ya pembe za herufi zake alikata vijipengo vya makusudi ili wino uliosambaa katika karatasi duni upate pa kuingia. Nilipoziona herufi hizo zimekuzwa katika picha, zimejaa mapengo kama mbao zilizoliwa na mchwa, wenzangu waliziona ni mbaya. Mimi nilimwona ami yangu na kitambaa chake.

Mama yangu naye alikuwa akishona kofia, zile za vitobo, ambazo kofia moja ya kushonwa kwa mkono humaliza wiki nyingi. Kwanza huchorwa kitambaani kwa penseli, kisha vitobo hutobolewa kwa sindano kimoja kimoja, na kila kitobo huzungushiwa uzi ili kisizibe wala kisichanike. Siku moja nilimsaidia, nikaukaza uzi kwa bidii mpaka vitobo vikawa kama macho yaliyofumba. Alivitazama, akavikata vyote. "Uzi unalinda tu," akaniambia. "Anayetazama kofia anatazama vitobo." Leo ninapochora herufi e kwa ajili ya simu, naanza na kitobo chake, kile chumba kidogo cha juu, kwa sababu herufi ikipunguzwa mpaka ukubwa wa punje ya mtama, hicho ndicho kinachokufa mwanzo, na kikishakufa, e na o na c zote huwa doa moja.

Baada ya skuli nilivuka kuja Unguja, nikapata kazi katika duka la kuchapisha kadi za harusi, stika na fulana. Hapo ndipo nilipoingia katika fani bila ya kujua kwamba ni fani. Wateja walitaka jina la bibi harusi liandikwe kwa herufi za mapambo, na fonti tulizokuwa nazo zilikuwa zile zile ambazo kila duka la mjini linazo, hata kadi za harusi mbili za wiki moja zikawa kama za pacha. Nikaipakua FontForge, programu ya bure, nikaanza kuchora yangu.

Wasiopata kuijaribu kazi hii hudhani kwamba mtu hushika kalamu ya kompyuta na kuandika. Haiko hivyo. Unaweka nukta chache, kila nukta ina vishikio viwili, na kwa kuvivuta vishikio hivyo mstari unapinda. Hesabu ya mipindo hiyo imepewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha Renault huko Ufaransa, aliyeitumia kuchorea bodi za magari; kwa hiyo tumbo la a yangu na bodi ya gari ni ndugu. Anayeanza huweka nukta nyingi, kwa sababu kila nukta anaiona kama msaada. Mimi niliweka nukta 31 katika s moja, nayo ikatoka kama barabara ya Pemba kabla ya kutiwa lami. Leo s hiyo hiyo nitaichora kwa nukta kiasi cha 12. Fonti yangu ya kwanza ilinichukua miezi 14 ya usiku, na jina lake sitalitaja, kwa sababu bado inaonekana katika kadi za watu na mimi huigeuzia uso.

Kilichonitoa katika mapambo na kunipeleka katika skrini ni kisa cha Matthew Carter huyo huyo. Alijifunza katika miaka ya 1950 huko Haarlem, Uholanzi, kuchonga herufi kwa mkono katika chuma, kazi ambayo hata wakati huo ilikuwa imekaribia kufa. Miaka arubaini baadaye kampuni ya Microsoft ilimtaka atengeneze herufi za skrini, nazo ni Verdana na Georgia zilizotolewa mwaka 1996. Desturi ilikuwa mtu achore umbo zuri kwanza, kisha kompyuta ihangaike kulibana katika pikseli. Yeye aligeuza. Alizichora herufi kwa pikseli kwanza, katika saizi zile ambazo watu wangezisoma kweli, na baada ya kuridhika ndipo alipolizungushia umbo la mipindo. Naye Tom Rickner akaandika maelekezo yanayoiambia kompyuta ni pikseli gani iwake na ipi izimwe katika kila saizi. Ndiyo maana katika Verdana i kubwa ina vibao juu na chini, 1 ina pua na kibao, l imesimama peke yake, na kila herufi ina nafasi ya kupumua na jirani yake. Wapo wanaoiona ni fonti nene isiyo na haiba. Waisome saa nne za mfululizo kwenye kompyuta ya zamani, kisha tuzungumze.

Siku hizi skrini za simu za bei kubwa zina pikseli ndogo mno hata jicho halizioni, na baadhi ya wenzangu wa nje wanasema kwamba kazi ile ya kuelekeza pikseli moja moja imekwisha. Imekwisha kwao. Huku kwetu simu inayouzwa Darajani kwa bei ya mtu wa kawaida bado ina skrini hafifu, nayo husomwa juani, kwenye boti, kwa mwangaza uliopunguzwa ili chaji isiishe.

Kuna jambo jengine ambalo hakuna kitabu cha fani kilichonifundisha, nalo ni sura ya Kiswahili chenyewe. Fonti nyingi hupimwa kwa maneno ya Kiingereza au ya Kijerumani. Kiswahili kikimwagwa ndani ya fonti hizo huwa na madoadoa, na sababu yake si siri: lugha yetu imejaa a kuliko herufi nyengine yoyote, na a hiyo hufuatana mara nyingi na w, k, y na z, herufi za mishale ambazo kwa Kiingereza hutokea kwa uchache zaidi. Kila mshale huleta weupe pembeni mwake. Ukiandika "watu wa Wete wakawaka" katika fonti isiyotuzoea, utaona mashimo baina ya w na a kama meno ya mtoto wa miaka saba. Neno langu la kupimia ni Mwanakwerekwe, jina la mtaa wenye soko hapa Unguja. Lina herufi 13, w tatu, k mbili, na baina yao a na e za mviringo, na nimeshasema mara nyingi kwamba fonti itakayolivaa neno hili bila ya kupwaya itavaa Kiswahili chote. Nimelichapisha kwa saizi kubwa na kulibandika juu ya meza yangu, na wageni hudhani kwamba nina hamu ya kwenda sokoni.

Kisha kuna kile kijialama cha ng'. Katika fonti nyingi kimechorwa kwa ajili ya Waingereza, ambao kwao ni alama ya kuachia tu, basi hukaa juu peke yake na kuacha uwazi chini yake, hata Ng'ambo husomeka kama maneno mawili, Ng na ambo. Kwetu kialama hicho ni sehemu ya herufi. Anayeng'oa muhogo na mwenye ngoa ni watu wawili tofauti kabisa. Katika fonti zangu nakishusha kidogo, nakisogeza karibu na sikio la g, na herufi inayofuata naiambia iingie chini yake, kama alivyofanya ami kwa A na Y.

Urefu wa maneno nao ni mtihani. Mwenye programu moja ya malipo aliniletea malalamiko ya wateja wake kwamba tangazo la simu halieleweki. Tangazo lilikuwa "Malipo hayajathibitishwa", lakini katika skrini nyembamba lilikatika likabaki "Malipo haya", na watu walikuwa wakikaa wakisubiri waambiwe malipo haya yamefanya nini. Neno hayajathibitishwa lina herufi 17. Sikuweza kulifupisha neno, kwa hiyo niliibana fonti, nikazipunguza w na m upana, nikaacha a kama ilivyo kwa kuwa a ikibanwa hufumba.

Nisijisifu sana, kwani kosa kubwa nililowahi kulifanya nililifanya katika kazi ya namna hiyo hiyo. Mteja mmoja aliniagiza tarakimu za namba za usajili, ambamo sifuri na herufi O vilikuwa vikichanganywa. Nikafanya kama wafanyavyo waandishi wa programu, nikaikata sifuri kwa mstari wa mshazari katikati, nikaitazama kwenye skrini yangu na kuona imependeza. Kwenye simu za watu ule mshazari ulivimba, ukagusa kuta za pande zote mbili, na sifuri ikageuka 8. Nilikuwa nimetibu chafya kwa kuleta homa. Namba zilirudi zimekosewa siku nzima, na mteja aliniambia maneno ambayo nilistahili. Nilipoichora upya niliuondoa mshazari, nikaifanya sifuri kuwa nyembamba na O kuwa pana, basi.

Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi. Fonti huleta fedha kwa njia mbili kuu, ama kwa kuagizwa na mtu anayetaka yake peke yake, ama kwa kuuza leseni kidogo kidogo kupitia mtandaoni, na njia ya pili ni kama kupanda mkarafuu: utangoja. Wapo wanaochukulia kwamba herufi si mali ya mtu. Nimewahi kuiona fonti yangu katika bango kubwa la ofisi ambayo haikunilipa hata senti, na nilipouliza niliambiwa kwamba waliikuta kwenye kompyuta. Hata sheria za nchi kubwa zinayumba katika jambo hili. Marekani haki ya kunakili hailindi umbo la herufi, inalinda programu inayolichora.

Maagizo ya nje nayo yana visa vyake. Kampuni moja ya matangazo iliniandikia ikitaka "herufi ya Kiafrika", na mfano walioniletea ulikuwa wa herufi nene zilizochongoka kama vipande vya mbao. Niliutambua mara moja. Ulikuwa mtindo wa Neuland, uliochongwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, ambao baadaye wachapishaji wa Ulaya na Marekani waliuzoea kuuweka juu ya kila kitu kinachohusu Afrika. Nikawajibu kwamba herufi ya Kiafrika ya kale kuliko zote iliyo karibu na nyumba yangu iko katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, imechongwa kwa khati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, na ina tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na kama wanaitaka ile niko tayari. Hawakurudi.

Jibu lile lilitoka kwa hasira, lakini lilinirudia. Mbona mimi mwenyewe, niliyejifunza alifu kwa ujiti katika chuo cha Kurani kabla ya kuijua a ya skuli, sikuwa nimechora hata herufi moja ya Kiarabu? Bibi yangu mzaa baba aliandika kila kitu kwa herufi hizo, orodha za vitu vya dukani, madeni, barua kwa wanawe, na yote kwa Kiswahili. Alipokuja mwandikishaji na kumwuliza kama anajua kusoma, akampa karatasi yenye herufi za Kirumi, bibi akasema hizo hazijui, na katika fomu akaandikwa hajui kusoma wala kuandika. Usiku ule ule alikaa kitako akamwandikia mwanawe barua ya kurasa mbili kumsimulia kisa hicho.

Mji huu katika karne ya 19 ulikuwa na chapa za aina mbili. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, katika zama za askofu wao Edward Steere, walichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Sayyid Barghash alileta mtambo wake wa kuchapia vitabu vya Kiarabu. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kilibaki zaidi mikononi mwa watu, katika kalamu. Kanga nazo, zilizokuwa na maandishi ya Kiarabu, zikaingia herufi za Kirumi, kubwa tupu, ili jina lisomwe na mtu aliye nyuma yako njiani.

Nilikwenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani kutazama maandishi ya mkono, na nikarudi tena na tena. Kiarabu kina herufi 28, na kila moja hubadili sura kwa kufuata jirani yake: 22 zina sura nne, ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na sita, ambazo ni alifu, dali, dhali, re, ze na wau, hazishikani na inayofuata, kwa hiyo zina sura mbili mbili. Hizo ni sura 100. Lakini Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina. Waandishi wa zamani waliazima walichokuwa nacho, p wakaiandika kwa be, v kwa fe, ch kwa shini, g kwa ghaini, na msomaji akajua kwa maana. Katika orodha za bibi yangu pesa ni "besa" na vitunguu ni "fitunguu", na hakuna muuza duka aliyepotea. Wengine walitumia be na fe zenye nukta tatu, na jimu yenye nukta tatu, ambazo leo zote zina namba zao katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Nikiongeza pe, che, ve na ge, kila moja kwa sura nne, zinakuwa 116, na hapo sijagusa lamu-alifu, tarakimu wala irabu.

Irabu ndizo zilizonikondesha. Kiarabu kina fataha, kasra na dhuma, nasi tuna a, e, i, o, u, kwa hiyo kasra moja hubeba i na e, na dhuma moja hubeba u na o, isipokuwa kwa waliobuni alama za kuzitenga. Kwa kuwa Kiswahili hakisomeki vizuri bila ya irabu, kila herufi ina kitu kichwani au miguuni, na simu haikuyategemea hayo. Nilipojaribu fonti yangu kwa mara ya kwanza, fataha zote za mstari wa juu zilikatwa vichwa, kwa kuwa programu ile iliupa mstari urefu unaotosha herufi za Kirumi tu. Na pale ve yenye nukta tatu ilipokosekana katika fonti ya simu, ama ilitokea kijisanduku kitupu, ama simu iliiazima kutoka fonti nyengine, nene, isiyoshikana na wenziwe, na neno likakatika mkono katikati. Nilizishusha fataha, nikaziinamisha zaidi kuliko zilivyo katika msahafu, na meno ya herufi nikayafupisha ili kupata nafasi juu. Maalim mmoja niliyemwonesha alitikisa kichwa. "Hii si naskhi," akasema. Nikakubali kwamba si naskhi kamili, khati ile ya vitabuni. Akaisoma tena, mara hii kwa sauti, ukurasa mzima, bila ya kukwama, kisha akanirudishia simu na kuniambia kwamba kafu zangu zimelala mno.

Fonti hiyo bado haijakamilika. Kabla ya kuikamilisha nilitaka nimalize tarakimu zake za kawaida, 0 mpaka 9, na msomaji wangu wa majaribio nilikuwa naye jirani. Wiki iliyopita, baada ya magharibi, nilimkuta Bibi barazani kabla taa hazijawashwa, nikampa simu iliyokuwa na tarakimu 20 nilizozibuni, zimepangwa nne nne. Aliishika kwa mbali kama wanavyofanya watu wa umri wake, akaanza kusoma kwa sauti. Tatu zote alizipatia, na nane, na sifuri. Alipofika ya 18 akasema saba.

"Hiyo moja, Bibi."

"Moja gani yenye pua ndefu hivi?"

Nikarudi ndani, nikalifungua faili, na pua ya moja nikaifupisha kwa vizio 14.